Uso ukishababuka, krimu itakusaidia wapi?

Mtu akija dukani kwetu Darajani, Unguja, na uso uliobabuka, hutaka krimu ya kumponesha haraka. Sisi kabla ya kushusha kopo humuuliza kwanza: ulikuwa ukipaka nini? Wengine huona tunawachunguza mambo yao. La, dada yangu. Krimu ileile humfaa mmoja, na mwengine isimsaidie kitu, kwa sababu ya alichokuwa akipaka.

Ngozi ya juu ni kama ukuta wa Mji Mkongwe: seli ndiyo mawe, na mafuta ya asili yaliyo baina yake ndiyo chokaa. Sabuni kali, ndimu na kusugua uso kila siku huila ile chokaa. Hapo unyevu wa ndani hutoka, na cha nje huingia kikachoma. Ndiyo maana uso huvuta, hutoka magamba, na hata maji matupu huwasha.

Krimu ya unyevu huziba pengo hilo. Gliserini huvuta maji na kuyashika, mafuta ya mgando huyazuia yasitoke. Ikiwa na seramidi ni bora zaidi, maana seramidi ni sehemu ya ile chokaa yenyewe. Lakini krimu hii haing'arishi uso wala haifuti madoa, na anayekuahidi hivyo anakuuzia kitu chengine.

Chagua isiyo na manukato. Ijaribu siku chache ndani ya mkono, karibu na kiwiko. Isipowasha, peleka usoni. Osha uso kwa maji ya kawaida, ufute kwa kugusagusa tu, na upake ungali na unyevu, asubuhi na usiku. Ngozi ya juu huchukua kama wiki 4 kujibadilisha, kwa hiyo usihame kopo kila Ijumaa.

Singo na liwa, vile vya asili vya kusugua na kupaka, viweke kando mpaka uso upone. Mafuta ya karafuu usiyatie usoni kabisa, huunguza. Ndimu ndiyo inayotuumiza roho zaidi: ukiipaka kisha ukatoka juani, ngozi huweza kuungua na kubaki na weusi wa miezi. Na jua letu hili, nyuzi 6 tu kusini ya ikweta, halina huruma. Paka kinga ya jua ya SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) 30 au zaidi, na mtandio uuvute mbele.

Sasa mkorogo, yaani krimu za kuchubua. Nyingi ya krimu hizo zina haidrokwinoni (dawa ya kufifisha rangi ya ngozi), steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi) kama klobetasoli, au zebaki. Zebaki hudhuru figo na humfikia mtoto tumboni. Mkataba wa Minamata wa 2013, wa kimataifa kuhusu zebaki, umeipiga marufuku katika krimu za kuchubua. Steroidi zina balaa lake: aliyezipaka muda mrefu akiacha ghafla, uso huwaka moto, ukavimba na kutoka vipele, naye hudhani krimu mpya ndiyo iliyomdhuru, akarudi kulekule. Huyo anahitaji daktari wa ngozi ampangie namna ya kuacha. Krimu yetu itamsaidia pembeni tu.

Ukija, njoo na kopo la ulichokuwa ukipaka, hata kama lebo imefutika. Hatutamwambia mtu. Mwenye malengelenge, usaha au macho yaliyovimba hatumuuzii kitu. Aende Mnazi Mmoja au hospitali iliyo karibu naye siku hiyohiyo.