Si kila dumu la fleva ni 3302

Ndugu Mhariri,

Nimesoma habari yenu iliyosema kwamba waagizaji wa ladha za vyakula na vinywaji hubadilisha namba za forodha ili wakwepe ushuru. Wapo, na sina haja ya kuwatetea. Ila mimi ni wakala wa forodha, ofisi yangu iko Kurasini, na wateja wangu wengi ni wenye viwanda vidogo: wa aiskrimu, juisi, biskuti na krispi. Mizozo mingi inayoletwa mezani kwangu haitokani na ujanja. Inatokana na karatasi moja tu, ile ya mchanganyiko wa viambato, ambayo mwagizaji hakuiomba kwa muuzaji, na afisa naye hakuiomba kwa mwagizaji.

Kwa wasiojua kazi yetu: kila bidhaa inayovuka mpaka ina namba katika mfumo wa HS, yaani orodha ya kimataifa ya namba za bidhaa, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani (WCO) kutoka Brussels. Ulianza kutumika mwaka 1988 na toleo la sasa ni la 2022. Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile Tanga na Rotterdam. Sisi Afrika Mashariki tunaongeza mbili zetu. Namba hiyo ndiyo inayosema mzigo utalipa asilimia 0, 10, 25 au 35, ambavyo ndivyo viwango vyetu vya kawaida tangu Julai 2022. Ukiikosea, mahesabu yako yote ya bei yameharibika.

Fleva za viwandani makazi yake ni 3302.10. Humo kuna michanganyiko ya vitu vya harufu inayotumika kama malighafi ya viwanda vya vyakula na vinywaji. Za sabuni na manukato ni 3302.90, hata kama zote mbili zinanukia limao. Na "vitu vya harufu" si neno la kujitafsiria. Maelezo ya Sura ya 33 ya mfumo huo yanavitaja: mafuta ya harufu na jamaa zake wa kifungu 33.01, viini vilivyotengwa kutoka humo, au harufu za kutengeneza maabara. Basi. Kifungu hakitaji asilimia yoyote ya harufu inayopaswa kuwemo, na hapa ndipo watu wanapoteleza.

Niliwahi kutoa mzigo wa mteja anayetengeneza juisi: madumu ya bluu ya kilo 25, yana sili, lebo inasema fleva ya embe. Ukifungua moja, ofisi nzima inanuka embe dodo mpaka kesho yake. Katika kituo nisichokitaja, afisa kijana alisoma orodha ya viambato, akaona propilini glaikoli imetangulia na ndiyo iliyo nyingi kuliko vyote. Akaniambia, "Mzee, hii ni kemikali. Iende 2905."

Nikamjibu, "Mkuu, hiyo glaikoli ni ya kubebea tu. Ukiitoa, harufu inabaki. Ukiitoa harufu, huyu bwana hana cha kuweka kwenye juisi yake."

Nilikuwa sibishani naye kwa mdomo mtupu. Maelezo ya ufafanuzi ya WCO yanaruhusu mchanganyiko wa harufu uwe na kiyeyushi au kibebaji, kama mafuta ya mimea, sukari ya dekstrozi au wanga, ukabaki palepale 33.02. Fleva nyingi ziko hivyo. Harufu halisi ni kidogo, iliyobaki ni ya kuisafirisha na kuifanya ipimike. Hakuna mwenye kiwanda anayeweza kupima harufu tupu ya embe kwa kijiko bila kuharibu pipa zima la juisi. Mkubwa wake alisoma, akakubali, mzigo ukatoka. Ila ada ya storeji ilikuwa imeshahesabiwa, na hakuna aliyemrudishia mteja wangu senti.

Sasa sikilizeni upande wa pili, maana mwandishi wenu naye ana haki yake. Baadaye muuzaji yuleyule alileta madumu yaleyale yenye lebo ileile. Safari hii niliomba karatasi ya mchanganyiko mapema. Ndani kulikuwa na rojo la embe, sukari, asidi ya sitriki, rangi, kihifadhi, na fleva kidogo ya kukolezea. Mteja akataka tutumie 3302.10 kama mwanzo, "si imepita juzi?" Nikakataa. Hapo msingi si vitu vya harufu tena. Ni maandalizi ya kutengenezea kinywaji, na yake ni 2106.90. Alinuna, akatishia kuhamia kwa wakala mwingine. Lakini lebo haimfungi mtu yeyote. Kinachoangaliwa ni kilichomo ndani ya dumu.

Vanila ndiyo inayowachanganya watu zaidi, na kwa kuwa wakulima wa Kagera na wenzao wa Uganda wanaiuza nje, inafaa waijue. Maganda yaliyokaushwa ni 0905, mazima au yaliyosagwa. Oleoresini yake, ule utomvu mzito unaokamuliwa kwa kiyeyushi, haiingii Sura ya 33 kama wengi wanavyodhani; iko 1302. Vanilini tupu, unga mweupe ambao mara nyingi hutoka kiwandani na haujawahi kuona shamba, ni 2912.41. Sukari iliyotiwa vanila inabaki na sukari wenzake, 1701 au 1702. Changanya vanilini na harufu nyingine kwa ajili ya aiskrimu, ndiyo unafika 3302.10. Karafuu nayo ina safari kama hiyo: kavu ni 0907, mafuta yake 3301.29, na yujenoli, kile kiini cha harufu yake, ikitengwa peke yake inahamia 2909.50. Mtu wa Pemba akichanganya mafuta ya karafuu na ya machungwa kumuuzia mwenye kiwanda cha peremende, ameshaingia 3302 bila kubadilisha chupa.

Unga wa krispi sitauongelea sana. Gunia limeandikwa fleva ya jibini, ndani ni chumvi, unga wa kitunguu, pilipili na viungo vingine vilivyochanganywa. Hicho ni kikolezo, 2103.90.

Mtaniuliza, kwani sheria haina pa kulalamikia? Ipo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inampa aliyeguswa na uamuzi siku 30 za kumwomba Kamishna aupitie upya. Ni haki nzuri kwa mwenye makontena. Mama mwenye kiwanda cha aiskrimu aliyeagiza madumu mawili atalipa tu kile alichoambiwa, kwa sababu wateja wake hawasubiri barua, na joto la Desemba halina pingamizi.

Njia inayomfaa ni uamuzi wa awali. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani (WTO), unaofanya kazi tangu Februari 2017, unazitaka nchi wanachama zitoe uamuzi wa maandishi kuhusu namba ya bidhaa kabla haijaingizwa, na uamuzi huo uifunge forodha kwa aliyeuomba. Mkataba huohuo unahimiza maamuzi yenye manufaa kwa wengine yawekwe wazi, siri za biashara zikilindwa. Ninaiomba Mamlaka ya Mapato iyachapishe yanayohusu fleva na malighafi za vinywaji kwa Kiswahili, pamoja na sababu zake. Sababu ndizo ninazozihitaji. Namba peke yake haimsaidii mwenye mchanganyiko unaotofautiana kidogo na ule uliokwisha kuamuliwa.

Na gazeti lenu lingetusaidia sana kama lingewaambia wenye viwanda vidogo nini cha kudai kwa muuzaji kabla ya kulipa: jina la kila kiambato, kazi yake, kiwango chake hata kwa makadirio ya kutoka hapa hadi pale, na kipimo cha matumizi. Hicho cha mwisho watu hukidharau, nacho kinasema mengi. Inayotiwa gramu moja kwa lita kuna uwezekano mkubwa ni fleva. Ya kuzimuliwa sehemu moja kwa tano za maji, itazamwe mara mbili. Muuzaji hana haja ya kufichua siri yake ili ajibu hayo. Akigoma hata kutoa makadirio, mimi humwambia mteja atafute muuzaji mwingine kabla hajatuma hela.

Wakala wa forodha,
Kurasini, Dar es Salaam