Barua kwa Mama Salma: vijana na programu zao huria

Kinondoni, Dar es Salaam
Julai

Shoga yangu Mama Salma,

Salaam nyingi kutoka huku. Sisi wazima, Yusra anakuamkia na anaulizia lini mtakuja tena mjini. Natumaini Baba Salma goti limepoa na ameacha ubishi wa kupanda minazi. Barua hii ni ndefu, itafutie nafasi ukishafunga zahanati, maana nina jambo la kukuomba na sitaki ulisome huku wagonjwa wanakungoja dirishani.

Juzijuzi niliitwa kwenye jopo la kuwasikiliza wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa chuo kimoja hapa mjini wakiwasilisha miradi yao. Mwaka huu waliwekewa sharti jipya: kila mradi uwe programu huria, yaani msimbo wake, yale maandishi yanayoiunda programu, ukae mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kumpa mwingine. Miaka yote wewe umenisikia nikilia kwamba kazi nzuri za vijana zinafia kwenye laptopu zao. Kwa hiyo nilikwenda na moyo mweupe, na nimerudi na mengi.

Nianze na kikundi kilichonikumbusha wewe. Mabinti wawili na kijana mmoja wametengeneza leja ya dawa kwa ajili ya zahanati zenye mtandao wa kubahatisha. Aliyewasilisha hakufungua slaidi hata moja. Aliweka simu mbili mezani, za bei ya kawaida kabisa, akazima data kwenye zote, moja akampa mwenzake. Salio la dawa mseto lilikuwa dozi 40. Yeye akaandika ametoa 6, mwenzake akaandika ametoa 4, kila mmoja kwenye simu yake, bila simu hizo kujuana. Kisha wakawasha data. Ukumbi ukatulia, sote macho kwenye projekta, mpaka ikatokea 30.

Utaniambia hiyo ni hesabu ya mtoto wa darasa la pili. Sasa fikiria simu zingekuwa zinatuma salio. Moja ingesema zimebaki 34, nyingine ingesema zimebaki 36, na iliyochelewa kufika ingefuta iliyotangulia. Dozi zimetoka dirishani, kitabuni bado zipo. Wewe ndiye ungeulizwa mwisho wa mwezi zimekwenda wapi! Vijana hawa wameliona hilo, kwa hiyo programu yao haihifadhi salio kabisa. Inahifadhi matukio: zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, nani kaandika, saa ngapi, na salio linakokotolewa kila linapohitajika. Na aliyekosea hafuti. Anaandika tukio jingine la kusahihisha, kama wewe unavyopiga mstari kwenye leja na kutia sahihi pembeni. Niliwauliza nani aliwafundisha hivyo. Wakasema walikaa siku nzima kwenye zahanati ya mtaani kwao wakimtazama muuguzi akijaza vitabu. Mama Salma, nilifurahi mno. Hilo halifundishwi kwenye somo la hifadhidata.

Baada ya hapo nikawaomba kitu ambacho niliwaomba wote waliofuata: niachieni maelezo yenu ya kusimika programu, mkae kimya, nijaribu mwenyewe kwenye laptopu yangu. Hapo ndipo wengi walipokwama. Kwa kikundi hiki, mstari wa nne ulisema tu “weka nywila ya hifadhidata”. Nywila ipi, inatengenezwa wapi, hakuna neno. Ilikuwa kichwani mwa yule kijana. Sikuwalaumu, maana hakuna mtu aliyewahi kuwaambia kwamba maelezo nayo ni sehemu ya programu. Wakaenda kuyaandika upya usiku ule ule, na kesho yake programu ikawaka kwangu bila kumpigia mtu simu. Wenzao kadhaa bado nawasubiri.

La pili lilikuwa leseni. Miradi mingi ilikuwa imepandishwa GitHub, tovuti ya kuwekea misimbo, bila leseni yoyote, na vijana wakiamini kwamba kikishaonekana na watu kimekuwa cha wote. Sivyo. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda programu ya kompyuta kama kazi nyingine za kuandikwa, kwa hiyo msimbo usio na leseni unaweza kusomwa na kila mtu lakini mwingine hana ruhusa ya kuuchukua na kuuendeleza. Niliwapa mfano wa Linus Torvalds. Mwaka 1991 alikuwa mwanafunzi kama wao, Chuo Kikuu cha Helsinki, alipotoa Linux kwa mara ya kwanza, na leseni yake ya mwanzo ilikataza kuisambaza kwa malipo. Mwaka uliofuata akahamia leseni ya GPL: yeyote achukue, hata auze, mradi akiisambaza na mabadiliko yake, naye aache msimbo wazi. Kampuni nyingi zilizokuja baadaye zilipata njia ya kuingia kwa sababu ya uamuzi ule. Leseni ni faili moja dogo la maandishi, lakini ndilo linalomwambia mgeni karibu ndani.

Kikundi cha ramani ya vituo vya daladala nacho kilijifunza upande wa pili wa jambo hilo. Ramani yao imejengwa juu ya data za OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, na sehemu kubwa ya data za Dar es Salaam zimeingizwa na wanafunzi wenzao na wakazi wa mitaa kupitia mradi wa Ramani Huria, uliopita kata zinazofurika, mifereji na vichochoro vyake. Ile ni kazi ya miguu na jua. Leseni ya data hizo inataka uwataje wachangiaji, na wao hawakuwa wamewataja popote. Nikawaambia wenzenu walitembea Tandale na simu mkononi ili ninyi leo mkae kwenye kiyoyozi mkichora, basi angalau jina lao likae kwenye kona ya ramani. Walilirekebisha pale pale.

Kuna kijana mmoja aliyekuja peke yake, mpole, sauti haifiki nyuma, na mradi wake ni wa kukagua tahajia za Kiswahili. Huyu ningependa ukutane naye. Anatumia Hunspell, injini ile ile iliyomo ndani ya programu ya ofisi ya LibreOffice na kivinjari cha Firefox. Iliandikwa mwanzo kwa ajili ya Kihungari, lugha inayorundika viambishi mwishoni mwa neno. Yetu inarundika mwanzoni. Chukua “hatutawapikia”: kabla hujafika kwenye mzizi umeshapita ha, tu, ta na wa. Injini haikuzoea kumenya tabaka nyingi upande huo, kwa hiyo amelazimika kuandika viambishi vilivyokwisha kuunganishwa, “hatutawa” kikiwa kimoja, “hamtawa” kingine, na kuendelea, orodha ndefu inayotengenezwa na programu ndogo aliyoiandika yeye. Kisha akatuonyesha “ng'ombe”. Mwanzoni programu ilikuwa inalikata neno kwenye ritifaa, inapata “ng” na “ombe”, na kuyawekea yote mistari myekundu. Alipolitatua hilo akagundua kwamba simu nyingi zinaandika ritifaa iliyopinda na kompyuta nyingi inayosimama wima, na kwa mashine hizo ni alama mbili tofauti. Jopo zima tulisogea mbele kwenye viti.

Nikamuuliza kama anajua kwamba mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hakujua. Amezaliwa wakati kazi ile inatoka, na ameanza orodha ya maneno kuanzia sifuri.

Hili ndilo limeniuma, na ndilo ninalotaka kulipigania. Karatasi yetu ya maksi ina kipengele cha ubunifu chenye alama nyingi, na hakuna alama hata moja kwa mwanafunzi aliyechukua kazi ya mwenzake wa mwaka jana akaifanya iwe bora. Basi kila mwaka tunapata mifumo mipya ya mahudhurio na ya maktaba, inawasilishwa, inapigiwa makofi, na mwenyewe akishamaliza chuo hakuna anayeigusa tena. Programu huria inaishi kwa kupata warithi. Wewe unajaza MTUHA, zile taarifa za huduma za afya, kila mwezi na takwimu zako zinaishia kwenye DHIS2, programu huria ya takwimu za afya. Mzizi wa programu hiyo ulianzia Afrika Kusini miaka ya 1990 kwa ushirikiano na watu wa Chuo Kikuu cha Oslo, na tangu hapo imepita mikononi mwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa nchi nyingi, wa Dar es Salaam wakiwemo. OpenMRS nayo ilianza mwaka 2004 kutokana na kazi ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa kule Eldoret, kati ya watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani. Hakuna iliyofika hapo kwa kuanzishwa upya kila Julai.

Nimependekeza kwamba kuanzia mwakani mwanafunzi aruhusiwe kurithi mradi uliopo, wa hapa au wa nje, na apewe maksi kamili kwa alichoongeza. Mjumbe mmoja akahoji tutajuaje kipi ni chake. Swali zuri, na jibu lipo: Git, programu ya kutunza historia ya msimbo, inaandika kila badiliko, limefanywa kwa jina la nani na lini. Mwalimu anafungua historia, anachagua mistari, anamwita mwanafunzi aieleze. Ni kipimo kikali kuliko slaidi. Wamesema watalijadili kwenye kikao, nami nitawafuata mpaka walijadili kweli.

Sasa ombi langu. Ile leja ya dawa ina leseni, ina maelezo yanayofuatika, na wenyewe wamenipa nafasi ya kuitunza pamoja nao, kwa sababu wakishamaliza watatawanyika kutafuta kazi. Inachokosa ni mtu anayeishi na dawa. Naomba uijaribu. Usiitumie kwa kazi halisi, na usiingize jina la mgonjwa yeyote. Chukua kurasa za leja ya mwezi uliopita, uingize kama zilivyo, kisha uniandikie ni wapi imekukwaza. Je, safu zinafuatana kama kwenye kitabu chako? Dawa iliyokaribia kuisha muda unaiona mapema au mpaka uitafute? Bohari ya Dawa wakileta pungufu ya ulichoagiza, unaandika wapi? Malalamiko ya namna hiyo yanahesabiwa kuwa mchango kamili, na jina lako litaingia kwenye orodha ya wachangiaji ukiridhia. Kabla ya yote mwambie mganga mfawidhi wako, asije akaiona simu ngeni dirishani akashangaa.

Nimepata simu ya majaribio, nimeshaiwekea programu, na bando nitakurushia mimi. Nataka kumpa shemeji yako anayeshuka Tanga wiki ijayo, ila nijulishe kwanza kama anaweza kuiacha kwa mama mkubwa pale Chumbageni au nimwambie afike nayo mpaka Pangani.

Msalimie Salma na wadogo zake.

Mimi shoga yako,
Mama Yusra