Mbao Zako, Ndugu Yangu

Mafinga, Kinyanambo
Jumapili usiku

Ndugu yangu Amani,

Kamwene! Najua huko Kahama hakuna wa kukusalimia hivyo, basi ipokee hii moja uiitikie peke yako. Sisi wazima. Baridi imeondoka, vumbi limeingia, Mama Upendo anakohoa kidogo, na yule mbuzi uliyesema hatamaliza mwaka bado yupo, sasa anakula kamba za kuanikia nguo. Shemeji Rehema hajambo?

Nimekuwa kimya wiki kadhaa sasa. Ukipiga nasema niko kwenye bodaboda, nitakupigia, na sikupigii. Ipo sababu. Nimeona niiandike, maana kwenye simu ungenikatiza kabla sijajitetea. Ila naanza mbali kidogo, uvumilie.

Upendo anapata kipaimara mwezi ujao. Sebule yetu unaijua: wakikaa watu sita, wa saba anakula amesimama mlangoni. Nikasema nitengeneze meza ya nje, zile zinazoungana na mabenchi yake kitu kimoja, kama tulizoziona pale tulipomsindikiza Joeli. Ikae chini ya mparachichi. Fundi akanitajia bei, nikacheka. Mimi mtu wa Mafinga, mji mzima unanuka mbao, malori yanapakia usiku na mchana kwenda Dar, nishindwe na meza? Mama Upendo akanitazama tu. Unamjua akitazama.

Nikanunua paini, 2x6 za futi 12, zimepasuliwa wiki hiyohiyo. Ukizishika utomvu unanata vidoleni, na uzito wake ni maji matupu. Nikamuuliza muuzaji kama hazijawa mbichi mno. Akasema, "Zitakaukia kwenye kazi, mzee." Zikakaukia kweli. Jua la Septemba lilipiga upande wa juu, chini bado bichi. Wiki mbili hazijaisha kila ubao umenyanyua kingo kama mtumbwi. Ukimwaga chai inatulia katikati. Misumari nayo ikaanza kutoa vichwa, ikatuchania nguo.

Hilo la kujikunja ningelivumilia. Kosa kubwa lilikuwa miguu. Niliisimamisha wima, imeachana futi tatu tu, mabenchi yakabaki yananing'inia nje yake. Jumapili Baba Neema akaja (amenenepa, hutamjua) akakaa upande mmoja, Mwalimu upande wa pili, wakawa wanapimana kama mizani bila kujua. Simu ya Mwalimu ikalia, akainuka. Baba Neema akaenda chini taratibu, na meza ikamfuata, na ugali ukaifuata meza. Mchuzi wa kuku wote ulimwishia kifuani. Sikucheka. Nilicheka baadaye, nyuma ya banda la mbuzi.

Sasa, Amani. Zile mbao zako.

Jioni ileile nilipanda darini kutafuta kamba. Kamba sikuiona. Niliona saiprasi zako ulizoniachia mwaka ule unahama, zimelala juu ya boriti, kavu, nyepesi, zimenyooka kama rula. Nikaugonga mmoja kwa vidole, ukalia. Mbao ya paini ukiigonga inanyamaza. Nikashuka. Nikala. Nikapanda tena.

Nilichukua nne.

Mama Upendo alisema, "Hizo ni za watu." Nikamjibu Amani si watu, Amani ni ndugu. Akasema basi mpigie ndugu yako umwambie. Ndiyo nikaanza ile habari ya bodaboda.

Nimesema nne, ila hebu nikupigie hesabu uone nilivyobanwa. Juu ya meza vipande vitano vya futi sita, mabenchi vinne: hapo tu ni mbao nne na nusu. Kwa hiyo ni tano. Miguu minne imekula mmoja mzima, kwa sababu safari hii nimeilaza, imetanuka hadi karibu na chini ya mabenchi. Baba Neema amekaa peke yake upande mmoja kwa makusudi, nikimshika mkono, na meza haikutikisika. Mihimili miwili ya kubeba mabenchi, futi tano kila mmoja, ikala mwingine. Ile nusu iliyobaki imeingia kwenye mikono ya kushikilia juu ya meza.

Kwa hiyo ni saba. Zote. Darini pamebaki popo.

Usisome haraka ukairarua hii barua, kwanza sikiliza kazi ilivyo. Misumari nimeiacha, nimefunga boliti, mbili kila kiungo; ukiweka moja, mguu unazunguka kama mshale wa saa. Kati ya ubao na ubao nililaza msumari wa inchi 4, nikafunga, nikauchomoa, basi nafasi zote zimelingana na maji ya mvua yatapita. Meza inchi 30 kwenda juu, benchi 18. Bibi analalamika miguu yake haifiki chini, lakini Bibi miguu yake haifiki chini hata kanisani. Kila mguu umekanyaga tofali, na chini nimepaka oili chafu kwa ajili ya mchwa. Mtu alinishauri ninunue zile mbao za kijani zilizopigwa dawa, nikakataa. Dawa ile ina arseniki, sitaki Upendo aokote tonge juu yake.

Kuna ubao mmoja wa juu. Nilipougeuza ili niupige randa nikakuta mwandiko wako, penseli ya fundi, herufi kubwa: MLANGO WA MBELE. Randa ilikuwa mkononi. Nilikaa nayo hivyo mpaka Mama Upendo akauliza kulikoni. Ubao ule nimeupiga randa upande mmoja tu. Maandishi nimeyageuzia chini. Ukilala chali chini ya meza utayasoma, na watoto wameshaanza kulala humo wakiniuliza mlango wenyewe uko wapi.

Nimejaribu kulipa. Nimeshanunua saiprasi saba nyingine, 2x6, futi 12, ila mbichi. Nimezipanga bandani, fito kati ya kila safu hewa ipite, mawe juu zisijikunje. Mwaka ujao zitakuwa zinasemeka, ingawa hazitakuwa kama zako, zako zilikaa miaka. Hilo siwezi kulinunua popote hapa Mafinga na mbao zote hizi.

Barua hii anakuletea mdogo wake Rehema. Nimemwambia asikuonyeshe kwanza picha ya meza iliyo kwenye simu yake.

Sasa niambie. Ile nyumba bado unajenga, au ndiyo umeshakuwa mtu wa Kahama? Na ule mlango wa mbele, ulishapata mwingine? Unataka hela, au usubiri hizi zikauke? Au uje uichukue meza yenyewe baada ya kipaimara? Nitaisaidia kupanda kwenye lori, nalia lakini napandisha. Nipake vanishi au niache hivyo mvua zikianza? Wewe ndiye uliyesomea ufundi, mimi nimeokoteza. Kipaimara mtakuja? Nani kakuambia habari za Baba Neema kabla yangu, maana najua kuna aliyekuambia? Na umekasirika kiasi gani, Amani? Nijibu hata kwa ujumbe wa matusi, mradi ujibu.

Mimi ndugu yako,
Baba Upendo