Mama Jose, Mangi amekutisha bure

Melbourne, Septemba 2025

Mama Jose,

Salaam. Za siku nyingi, za watoto, za Morogoro? Huku wazima, baridi tu. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza ndani ya tramu. Uliposema "shosti, wamefunga milango" nikacheka mpaka watu wakanigeukia. Kumbe ni Mangi kakujaza maneno, eti Australia haichukui tena wageni na PhD yako ndiyo basi. Yule naye!

Ni kweli serikali ya huku imeweka ukomo wa wanafunzi wapya wa kigeni: 270,000 mwaka huu wa 2025, 295,000 mwakani, 2026. Lakini wanaokuja kwa PhD au uzamili wa utafiti hawamo kwenye hesabu hiyo. Watawabana vipi, wakati wenyeji wanaojiandikisha PhD wanapungua na wageni ndio tunaongezeka? Maabara yetu ina mwenyeji mmoja tu. Saa ya chakula foleni ya maikrowevu ni Wahindi, Wachina, Mnepali, Mwirani, na mimi na samaki wangu. Huyo mwenyeji anatafuna mkate wake pembeni, anauliza leo ni samaki gani.

Simlaumu mwenyeji anayeikimbia PhD. Ada ya wenyeji inalipwa na serikali, sawa, ila posho ya serikali kwa anayesoma PhD mwaka huu wa 2025 inaanzia dola za huku 33,511 kwa mwaka. Kima cha chini cha mshahara tangu Julai 2025 ni dola 24.95 kwa saa. Fanya kazi hiyo mwaka mzima, unapita 49,000. Posho haikatwi kodi, lakini bado. Kaka yake huyo mwenzetu wa maabara ni fundi umeme, ana nyumba. Yeye wikendi anauza kahawa. Sisi wageni tukiigeuza posho hiyohiyo kuwa shilingi tunajiona matajiri, hadi siku ya kulipia chumba. Chumba chenyewe... tuache, nitalia bure.

Alichosahau Mangi ni ada. Mgeni asiposamehewa ada, hiyo posho ni mapambo. Usikubali nafasi yoyote mpaka uone kwa maandishi kwamba ada imesamehewa na posho ipo hadi mwisho wa masomo. Ombi la viza tu ni dola 2,000 tangu Julai 2025, na ukinyimwa harudishiwi mtu. Kabla ya Julai 2024 ilikuwa 710! Milango iko wazi, shosti, ila mlangoni kuna mtu wa tiketi.

Na umri usikusumbue. Umri wa mwisho wa kuomba viza ya kufanya kazi baada ya kuhitimu wameushusha hadi miaka 35, lakini wa utafiti tumebakishiwa 50. Kwa hiyo wewe bado kigori.

Narudia, maana Mangi atakupigia tena: ukomo hauwahusu watafiti. Mwambie asome habari hadi chini.

Sasa nijibu. Msimamizi umeshamwandikia au bado unapaka rangi andiko lako la utafiti? Mwajiri atakupa likizo ya masomo yenye mshahara, au ndiyo yale aliyofanyiwa Fausta? Baba Jose anasemaje, na hasa mama mkwe? Watoto utakuja nao au watabaki kwanza? Na ile pesa ya kikoba mliyogawana, imebaki chochote cha viza?

Dagaa usinitumie, naogopa watatupwa uwanja wa ndege.

Wako,
Tatu