Mwanangu, Uwanjani Utakaa na Nani?

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu za mama yako, za mdogo wako na za Kukhu, bibi yako, ambaye amelalamika tena kwamba Jumapili hukumpigia simu. Ujumbe wako niliusoma ndani ya matatu pale Jogoo Road, nikausoma tena nilipofika nyumbani. Kwamba msimu wa besiboli unafunguliwa wiki ijayo, kwamba umebadilishana zamu na mwenzako ili uwe huru, na kwamba umepata tiketi ya mechi ya kwanza pale Wrigley Field, uwanja wa Cubs huko kwenu Chicago. Nimefurahi ulivyofurahi. Lakini umeandika tiketi moja. Sasa nakuuliza kama baba: utakaa na nani?

Usiniambie uwanja utajaa. Najua utajaa, tena watu zaidi ya 40,000. Naulizia mtu mmoja anayelijua jina lako, wa kukushikia kiti ukienda kununua chai, na wa kunipigia simu mimi ukianguka.

Sikukatazi. Mimi mtu wa Ingwe, AFC Leopards yetu, nitamkatazaje mwingine kupenda timu? Na raha ya wiki hii naijua vizuri. Mpira wa kwanza haujachezwa, jedwali lote ni sufuri, aliyeburura mkia mwaka jana amesimama sawa na bingwa. Muulize shabiki yeyote wa Ingwe siku chache kabla ya ligi kuanza, atakuhesabia wachezaji wapya kwa vidole na kuapa kwamba mwaka huu kombe linarudi. Ligi tuliichukua mara ya mwisho 1998. Hatujaacha kuapa, wala hatudanganyi. Siku zile mtu huamini kabisa. Mimi huamini.

Hao wenzako wa Cubs wanalijua hilo kuliko sisi. Walikuwa mabingwa 1908, wakaja kuwa tena 2016. Miaka 108, jamani. Watu wamezaliwa, wakaoa, wakazeeka, wakazikwa, na kila msimu ukikaribia wakisema mwaka huu ndio. Ile picha uliyonionyesha ulipokuja, ya ukuta wa matofali nje ya uwanja mwaka huo wa 2016, haijanitoka. Watu wamechukua chaki wakaandika majina ya baba zao, mama zao na babu zao waliokufa kabla ya kuona. Jina juu ya jina, ya buluu, ya nyeupe, mpaka tofali lenyewe limefichika. Niliitazama nikawaza: wamengoja kombe miaka yote hiyo, na lilipokuja, walichotaka ni mtu wao wa kumwambia. Wewe utamwambia nani?

Hesabu yenyewe inanitia wasiwasi. Ligi yetu ni mechi 34 kwa msimu. Hiyo yenu ni mechi 162 kwa kila timu, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, karibu kila siku ya Mungu. Unatoka zamu ya usiku, kuna mechi. Unaamka jioni, kuna mechi. Siku yako ya mapumziko, mechi, na kesho yake tena. Mtu asiye na watu anaweza kujazwa na msimu wa namna hiyo mpaka Oktoba imfikie, asigundue kwamba hajala chakula na mtu. Nakuona wewe hapo kwa sababu nakujua. Kitu ukikipata unakishika peke yako. Ndivyo ulivyosoma, ndivyo ulivyotafuta kazi, ndivyo ulivyoondoka. Kanisani sikosi nafasi ya kukutaja, na karo ya mdogo wako umeilipa bila kukumbushwa. Lakini Desemba ulisema utakuja, halafu ukachukua zamu za sikukuu za wenzako. Pesa zilifika, tukashukuru. Mama yako alikuwa amekwisha kununua kuku.

Nikuambie ninachokijua mimi. Tangu yule mzee wa ghorofa ya pili astaafu na kurudi Kakamega, naenda Nyayo peke yangu. Goli likiingia hakuna shida. Isikuti zinalia, mtu usiyemjua anakukumbatia, nawe unamkumbatia. Shida ni tukifungwa. Unatoka langoni, kocha amemtoa mchezaji aliyefaa kubaki, refa ametunyima penalti ambayo kila mtu ameiona, na huna wa kubishana naye. Unatembea hadi steji, unapanda gari, unafika nyumbani, mama yako anauliza vipi, unasema tumefungwa, basi. Zamani mimi na yule mzee tulibishana kutoka uwanjani mpaka mlangoni pake, na tukifika hasira imekwisha njiani. Siku hizi nalala nayo. Kushinda utashangilia na yeyote aliye karibu. Kufungwa ndiko kunakotaka mtu wako.

Na kufungwa kutakuja. Huko huko Chicago, upande wa kusini, White Sox walipoteza mechi 121 mwaka 2024, wakaipita hata ile New York Mets ya 1962 iliyopoteza 120. Nawaza mashabiki wao asubuhi ya mechi ya kwanza ya msimu uliofuata, wakitoa jezi kabatini. Hao nawaheshimu. Mtu aliyefungwa mara 121 na bado akarudi, lazima kuna mtu nyumbani kwao aliyemwambia twende.

Ila wanaoniumiza ni wale wa Oakland, mashabiki wa Athletics. Timu ilikuwa kwao tangu 1968, ikawachukulia ubingwa mara nne, na Septemba 2024 ikacheza mechi ya mwisho pale, ikahamia Sacramento kungoja uwanja wa Las Vegas. Msimu ukifika, pale Oakland hakuna wa kufungulia. Mwenye timu ameibeba kama mtu anayehamisha duka. Unaelewa ninachokuambia? Timu ipende, lakini isiwe ndiyo watu wako wote.

Najua utasema mbona kaka yako nilimpeleka uwanjani na wewe sikukupeleka. Wakati ule mawe yalikuwa yakirushwa, na mama yako naye hakutaka. Tuliache hilo.

Vaa koti zito. Picha uliyotuma juzi nimeikuza nikaangalia ule mmea unaotambaa ukutani: ni vijiti vitupu, hata jani moja hakuna. Mahali mmea haujachipua mwisho wa Machi si mahali pa kukaa saa tatu nzima na sweta, na kifua chako unakijua. Kamari usiguse, hata ya dola moja. Nasikia tangu mahakama yao kuu ilipofungua mlango 2018 imeingia mpaka kwenye simu, kama hapa. Yule mkalimani wa Ohtani, nyota wa besiboli kutoka Japani, alimwibia mwajiri wake karibu dola milioni 17 kwa ajili hiyo, akahukumiwa jela. Ni ugonjwa unaomkuta mtu akiwa peke yake na simu usiku, na hapo ndipo ninapokuogopea.

Mechi za kwenu zinazoanza saa saba na dakika ishirini mchana, kwetu inakuwa saa tatu na dakika ishirini usiku. Hizo nitakuwa macho. Mdogo wako amenionyesha pa kufuata matokeo. Mwanzoni nilidhani ni raunda, ile mliyokuwa mkicheza shule ya msingi, lakini sasa najua awamu ni tisa, na kwamba wakitolewa wapigaji watatu pande zinabadilishana. Kwa hiyo nikikuuliza kitu usinijibu juu juu. Zile za saa tisa usiku sitaziweza, mama yako akiamshwa presha inapanda. Dawa zake anakunywa, ila ile ya jioni husahau mpaka nimpelekee mezani.

Huku mvua imeanza kwa nguvu. Mfereji wa paa upande wa jikoni umeng'oka na maji yanaingia ukutani, fundi anataka elfu sita na nimemwambia arudi tuongee vizuri. Maji ya mfereji hayajatoka wiki hii, ajabu mvua inanyesha na tunanunua ya mkokoteni. Nyumbani Kakamega mahindi yamepandwa yote isipokuwa kipande cha chini mtoni. Mjomba wako anadai mbolea ilipungua. Usimtumie pesa moja kwa moja, nitumie mimi nimpelekee mwenyewe. Mdogo wako ana mtihani wa majaribio, hisabati imepanda, Kiswahili kimeshuka, na hilo la pili sikulitarajia katika nyumba hii.

Sasa nisikilize. Yule mama wa kwaya, jirani yetu wa zamani, binti yake amepata kazi ya uuguzi hapo Chicago. Anafika katikati ya mwezi wa nne na hajui mtu. Nimempa namba yako, usikasirike. Mpokee, halafu mnunulie tiketi mwende naye uwanjani. Mchezo haujui, wewe utamfundisha, na mwezi wa sita atakuwa anabishana nawe. Kama kabla ya hapo kuna mwenzako kazini anayependa mchezo huo, hata yule uliyebadilishana naye zamu, mwambie. Watu wengi wanangoja kualikwa tu. Na kama tayari yupo mtu wa kukaa naye ambaye hujataka kumtaja kwa baba yako, mtaje kwa mama yako, nami nitatulia.

Huyo binti atakubebea kilo nne. Tumeweka unga wa wimbi, mrenda uliokaushwa, na jezi ya Ingwe. Ni buluu na nyeupe, huko hakuna atakayeishangaa. Nimechukua saizi ya kati. Mama yako anasema kwenye picha ya mwisho umenenepa, mimi naona ni koti. Kama haitakutosha niambie kabla ya Ijumaa, mwenye duka amekubali kubadilisha.

Ni mimi,
Baba yako