Barua ya wazi kwa wanafunzi wa vyuo: ulizeni simu imebakiza miaka mingapi

Wanangu,

Nimestaafu kufundisha, lakini bado naombwa kusimamia tafiti za wanafunzi wa mwaka wa mwisho, na mlango wangu haujafungwa. Jana alikuja kijana mmoja. Alikaa kwenye ukingo wa kochi bila kuegemea, simu ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Simu nzuri kweli: mgongo wa kioo, kamera tatu, fremu ya chuma isiyo na hata mkwaruzo. Akanionyesha kilichomleta. Kwenye duka la aplikesheni palikuwa na mstari mmoja wa maandishi ya kijivu, unasema programu ile haiwezi kusakinishwa kwenye kifaa chake. Akafunga, akafungua, akatafuta upya, akagusa tena kwa kidole gumba. Maandishi yaleyale. Aplikesheni yenyewe ndiyo chuo kilichoagiza itumike kufanyia mtihani, na mtihani ulikuwa umebakiza siku tatu.

"Mwalimu, nilinunua kwa hela ya chumba," akasema. Sauti ilikatika hapo.

Nikamuuliza simu hiyo ilitoka kiwandani mwaka gani. Hajui. Mfumo wake ni toleo la ngapi? Hajui. Sasisho la mwisho la usalama aliletewa lini? Akanitazama kama nimemuuliza jina la babu yake wa saba. Lakini idadi ya megapikseli aliijua, na kasi ya chaji aliijua, na majina ya wanafunzi wenzake watatu wenye simu kama ile alinitajia bila kuombwa.

Tukafungua mipangilio pamoja, tukaenda sehemu ya kuhusu simu. Ilikuwa imetimiza miaka saba tangu izinduliwe, na kiraka cha mwisho cha usalama kilikuwa kimepita miaka mitatu. Kijana wangu alinunua simu iliyokwisha kufa, akaivalisha kava jipya.

Nimekasirika, na sifichi. Kwa miaka mingi nimeona kosa hili likirudiwa na vijana wenye akili kunizidi. Mtu anayeweza kukokotoa milinganyo migumu anaingia dukani na kuuliza swali moja tu: kamera vipi? Wanangu, mnaponunua simu mnanunua miaka. Kioo na chuma ni chombo tu cha kubebea hiyo miaka. Swali la kwanza, kabla ya rangi, kabla ya kamera, kabla hata ya bei, ni hili: mtengenezaji ataendelea kuiletea simu hii masasisho mpaka lini?

Hebu niwaeleze inavyokwenda, maana wengi hudhani sasisho ni kero ya kumaliza bando. Mfumo wa simu una matundu. Kila mwezi watafiti na wezi huyagundua, na mtengenezaji hutoa viraka vya kuyaziba. Siku anapoacha kutoa viraka, simu haizimiki. Unapiga, unapiga picha, unasikiliza muziki, unajiona uko salama. Kumbe matundu mapya yanabaki wazi. Kisha watengenezaji wa aplikesheni nao husogeza mbele kiwango cha chini cha mfumo wanaoukubali. Mara nyingi ya benki hutangulia kukataa, ya chuo ikafuata, mwisho hata ya kutumiana ujumbe. WhatsApp iliacha kuzihudumia Android zilizo chini ya toleo la 5 mnamo Oktoba 2023. Mei 2025 ikataka angalau iOS 15.1 (iOS ndio mfumo wa iPhone), na hapo iPhone 5s, 6 na 6 Plus zikabaki nje. Nyingi zilikuwa zima kabisa, zinawaka, zinang'aa.

Sikilizeni hili kwa makini zaidi, maana ndilo linalowaponza wengi: miaka hiyo haianzi kuhesabiwa siku unapofungua boksi. Kwa kawaida huanzia siku modeli ilipoingia sokoni. Simu iliyoahidiwa miaka minne, ikikaa rafu ya duka miaka miwili, wewe unanunua miwili. Boksi ni jipya, nailoni haijatolewa, na nusu ya uhai imekwisha kwenda. Muuzaji hatakuambia, na pengine naye hajui.

Ahadi zenyewe zinatofautiana mno. Google ilipotoa Pixel 8 mwaka 2023 iliahidi miaka saba ya masasisho. Samsung ikafuata na miaka saba kwa Galaxy S24 mwaka 2024, na mwaka huohuo Galaxy A16, simu ya ngazi ya chini kabisa ukiilinganisha na hiyo, ikaahidiwa sita. Apple kwa kawaida haitangazi mapema idadi kubwa ya miaka, lakini historia yake inaonekana: iPhone 5s ya mwaka 2013 bado ilipata kiraka cha usalama Januari 2023, na iPhone XS na XR za 2018 zilipata iOS 18 mwaka 2024, ingawa iOS 26 ya mwaka 2025 haikuzifikia. Upande wa pili kuna simu nyingi za Android za bei nafuu ambazo hupewa toleo moja jipya la mfumo, au zisipewe kabisa. Zote ziko dukani palepale, kioo cha moja kinafanana na cha jirani yake. Tofauti iko kwenye ahadi, na ahadi imeandikwa kwenye tovuti ya mtengenezaji. Chukua dakika kumi, isome.

Ndiyo maana ugomvi wenu wa Android na iPhone unanichosha. Nimewasikia kwenye korido, mnatukanana kama mashabiki wa timu mbili. Mifumo yote miwili imekomaa. iPhone ilitoka 2007, simu ya kwanza ya Android ikatoka 2008, na kila mmoja ameiga mengi ya mwenzake. Mngekumbuka waliokuwa na BlackBerry, simu za wakubwa wa maofisini, msingejivunia nembo. Tarehe 4 Januari 2022 kampuni ilizima huduma zilizoendesha mfumo wake wa zamani, na simu zile hazikuwa tena na uhakika hata wa kupiga. Windows ya simu ilikwisha pumzi kabla yake, Desemba 2019, japo nyuma yake alikuwepo Microsoft mwenye mali zake zote.

Mfumo uchague kwa kazi yako. Uliza idara yako inatumia nini. Mwanafunzi anayekwenda kukusanya takwimu vijijini kwa KoboCollect au ODK Collect atahitaji Android, kwa sababu aplikesheni hizo ni za Android tu. Nimeona binti akifika kwenye mafunzo ya utafiti na iPhone mpya, akaishia kujaza fomu kwenye kivinjari huku wenzake wakifanya kazi bila mtandao kwa raha. Kwa upande mwingine, kama kompyuta yako ni ya Apple na kazi yako ni video au muziki, iPhone itakupunguzia kuhangaika. Android inakupa uhuru wa kuhamisha faili na kuchagua kati ya simu za kila kiwango. iPhone inakupa masasisho yanayofika siku moja kwa modeli zote ambazo bado zinahudumiwa, na ukitaka kuiuza baadaye haishuki thamani haraka. Hayo yanatosha kuamulia. Mengine ni majigambo.

Kama unanunua iliyokwishatumika, na wengi wenu mtanunua hiyo, wala si aibu: bonyeza *#06# uone IMEI, namba ya kuitambulisha simu, tarakimu kumi na tano, ulinganishe na za kwenye boksi. Hakikisha mwenye simu ameondoa akaunti yake mbele ya macho yako, ya Apple au ya Google, kisha mwambie airudishe kwenye hali ya kiwandani na uiwashe mwenyewe mpaka mwisho. Ikidai neno la siri la mtu mwingine, rudisha, ondoka. Angalia afya ya betri. Chini ya asilimia 80, hesabu gharama ya betri mpya ndani ya bei. Hifadhi isiwe chini ya GB 128, maana mfumo wenyewe hula sehemu kubwa. RAM, yaani kumbukumbu ambayo simu huitumia inapofanya kazi, ikiwa ndogo kupita kiasi itakusumbua. Kamera, chukua utakayopata.

Na nakala rudufu, wanangu. Google inakupa GB 15 za hifadhi ya mtandaoni bure, Apple GB 5. Tasnifu haijazi hata GB moja. Sina zaidi la kusema hapo, maana nimeshawaambia darasani mara zisizohesabika.

Sasa niwageukie wakubwa wenzangu, kwa sababu kijana huyu hakupotea peke yake. Vyuo vinaagiza aplikesheni za mitihani, usajili na malipo bila kuuliza wanafunzi wana simu gani. Kiwango cha chini cha mfumo kinaandikwa mahali ambapo hapasomwi, kama kinaandikwa. Kitangazwe kwenye barua ya kupokelewa chuoni, pale palipoandikwa ada, na itengwe kompyuta ya chuo kwa asiyekidhi. Watengenezaji nao wanawapa miaka saba wenye uwezo wa kununua simu kila mwaka, na mwenye kubana senti mara nyingi wanampa mmoja au miwili. Anayehitaji simu idumu ndiye anayeuziwa isiyodumu. Hilo ni dhuluma, na halijawa halali kwa sababu tumelizoea.

Na sisi wazazi. Tunampima mtu kwa kilicho mkononi mwake, tunamsogezea kiti mwenye simu ya maana, halafu tunashangaa mtoto akitumia hela ya chumba kununua heshima. Kijana aliniambia kwamba siku ya kwanza alipoitoa mfukoni, wenzake walimpisha kwenye meza ya mbele. Aliyasema hayo akiangalia chini. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu najua kwamba na mimi, chumba kikijaa, jicho langu huangalia kwanza mezani.

Kabla hajaondoka alinionyesha kitu kingine. Rafiki yake alikuwa amemtumia kwenye kikundi faili la APK, la kusakinisha bila kupitia duka la aplikesheni, la ile aplikesheni ya mtihani, "limerekebishwa", linakubali simu za zamani. Kidole kilikuwa juu yake. Nikamshika mkono. Faili lisilojulikana limetoka kwa nani, kwenye simu isiyopata viraka miaka mitatu, na humo ndani kuna namba ya siri ya benki na barua pepe ya chuo! Tukalifuta pamoja, akamwandikia rafiki yake naye alifute.

Kesho asubuhi anarudi, nimemwambia aje na kebo. Tutahamisha sura ya tatu ya tasnifu yake, ambayo ipo ndani ya simu ile tu, na picha za maandishi ya darasani, na majina ya watu aliowahoji. Halafu ataweka laini yake kwenye simu yangu na kukaa nayo mpaka amalize mitihani. Ina ufa kwenye kona ya kioo, na masasisho yake yameahidiwa mpaka 2030.