Jino Lililoacha Kuuma Halijapona

Wagonjwa wengi wanaofika katika kliniki yetu ya meno hapa Tabora mjini, wakiwemo wanaosafiri kutoka Urambo na Sikonge, hutupa maelezo yanayofanana: jino liliwakesha siku kadhaa, wakanunua dawa ya kutuliza maumivu dukani, likatulia, nao wakaendelea na shughuli zao hadi shavu lilipovimba. Kipindi hicho cha utulivu ndicho kinachotufanya tuandike makala hii, kwa kuwa ndicho kinachopoteza meno ambayo yangeweza kuokolewa.

Jino huanza kuoza bila maumivu yoyote. Bakteria walio kwenye ukoga hutumia sukari iliyobaki mdomoni na kutoa asidi, na asidi hiyo hulimomonyoa taratibu tabaka gumu la nje, ambalo halina mishipa ya fahamu. Tundu likifika tabaka la ndani, maji baridi huanza kusumbua. Likifika kwenye kiini, yaani sehemu laini ya katikati yenye mishipa ya fahamu, maumivu huwa makali, hasa mtu anapolala. Baadaye kiini hufa na maumivu hukoma, huku maambukizi yakishuka hadi kwenye ncha ya mzizi na kutunga usaha ndani ya mfupa wa taya. Antibiotiki huweza kupunguza uvimbe kwa muda, lakini haziondoi chanzo kilicho ndani ya jino. Uvimbe unaoteremka shingoni, au unaoambatana na homa na shida ya kumeza au kupumua, si wa kusubiri kupambazuke. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Tundu dogo kwa kawaida huzibwa siku moja na mtu akarudi kazini. Likishafika kwenye kiini, hubaki kutibu mzizi, kazi ndefu na ya gharama zaidi, au kung'oa. Wengi huomba tung'oe yaishe, na hali ya mfuko tunaielewa, ila ni haki yao kujua kwamba meno ya jirani huweza kulalia pengo hilo na la upande wa pili kurefuka kulifuata.

Kwa wazazi tuna ombi la pekee. Mtoto anapokaribia miaka 6, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha, na kwa sababu hiyo wazazi wengi hudhani ni la utoto na kwamba likioza litaota jingine. Halioti jingine. Gego hili lina mifereji myembamba juu yake ambamo chakula hunasa, nasi huweza kuifunika mifereji hiyo kwa dawa maalumu ya kuzibia, bila sindano ya ganzi, kabla haijaanza kuoza. Pipi na soda zinajulikana kwa madhara yake, lakini matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, yanayogandia kwenye magego, na hata asali yetu ya Tabora tunayojivunia, huwalisha bakteria walewale mtoto anapokula kidogo kidogo kutwa nzima. Ni afadhali vitu hivyo viliwe pamoja na mlo, na mtoto apigwe mswaki asubuhi na kabla ya kulala kwa dawa ya meno yenye madini ya floraidi, akisimamiwa na mtu mzima.

Fizi zinazotoka damu wakati wa kupiga mswaki nazo huwa haziumi. Mara nyingi ni dalili ya ukoga uliokaa na kugeuka ugaga, yaani ukoga uliokwisha kuwa mgumu, ambao mswaki hauwezi kuutoa. Sisi huukwangua kwa vifaa vyake.

Tunashauri kinywa kichunguzwe kila baada ya miezi 6, hata kama hakuna kinachouma. Unapokuja, tafadhali tueleze mapema ikiwa una ujauzito, kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo, na uje na dawa unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda, ili tupange matibabu yanayokufaa.